Kioo cha Kompyuta Kinaposema Uongo

Mama alipofariki, wazee wa ukoo walishughulikia kaburi na chakula cha waombolezaji. Sisi watoto tulipewa kazi iliyodhaniwa kuwa nyepesi kuliko zote, yaani kutafuta picha yake ya kuweka ukutani. Iliyofaa ilikuwa moja tu. Mpwa wangu aliipiga kwa simu usiku wa arusi mjini Shinyanga: mama ameketi, khanga begani, anacheka na mtu asiyeonekana pichani.

Tuliipeleka studio, katika mji mmojawapo wa ukanda wa machimbo ya dhahabu ambako baadhi yetu tunafanya kazi. Kijana wa studio aliifungua katika kompyuta, nasi tukasimama nyuma ya kiti chake. Uso ulionekana mwekundu mno. Akaupunguza wekundu kidogo kidogo huku akituuliza, "Hapo je, ndugu zangu? Na hapo?" hata wote tukaitikia kwa pamoja, "Hapo hapo. Ndiye yeye." Picha ikachapwa. Ilipotoka, sura ilikuwa ya kijivu chenye kuelekea ukijani, mfano wa mtu aliyelala kitandani miezi mingi, ilhali mama hakuugua hata wiki moja. Kijana akaona haya, akaongeza wekundu kwa kukisia, akachapa tena. Safari hii ikatoka sura ya vumbi la tofali. Muda ulikuwa umekwisha; tukalipa, tukaondoka na ile ya pili. Mama mkubwa aliipokea katika nyumba ya msiba, akaitazama kitambo, akasema, "Mwanangu, huyu si mdogo wangu."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niulize, nisome, na hatimaye niandike makala haya. Kwanza yafaa tumwondolee lawama kijana yule. Hakuwa mvivu wala mjinga. Aliokoteza rangi kwa jicho la uangalifu, nasi sote tulikuwa mashahidi wake. Aliyetudanganya ni kioo cha kompyuta. Kioo kilikuwa kimezidisha wekundu wake chenyewe. Kijana alipoupunguza, aliupunguza katika picha ya mama, si katika kioo. Picha ikabeba adhabu ya kosa lisilokuwa lake.

RANGI TATU TU

Kioo cha kompyuta, kama kile cha televisheni na cha simu, hakina rangi nyingi kama tunavyodhani. Kinazo tatu: nyekundu, kijani na buluu. Ukitaka ushahidi, weka tone dogo sana la maji juu ya kioo cha simu iliyowashwa ikiwa nyeupe. Tone litakuza kama lenzi, na badala ya weupe utaona vijidoa vya rangi hizo tatu vimepangwa ubavu kwa ubavu. Macho yetu nayo yana aina tatu za chembe za kupokea rangi, na ndiyo maana rangi tatu zatosha kuujenga ulimwengu mzima.

Katika kompyuta za kawaida kila rangi ina ngazi 256, tangu giza hadi mwanga kamili. Zikichanganywa zote tatu, hupatikana rangi zaidi ya milioni 16. Rangi tatu zikiwaka kwa nguvu inayolingana, jicho huona nyeupe; zikipungua kwa pamoja, huona kijivu; zikizimika, nyeusi. Kwa hiyo kijivu ndicho mwamuzi wa kioo. Rangi moja ikiwatangulia wenzake hata kwa hatua chache, kijivu huacha kuwa kijivu. Hugeuka na kuwa na uwaridi, au ukijani, au umanjano. Kioo kinachokosea kijivu hakiwezi kusema kweli kuhusu uso wa mtu.

Vioo hutofautiana tangu vitokapo kiwandani, hata vile vya aina moja. Aidha huchakaa: taa ya ndani hufifia, na rangi zake husogea mwaka hata mwaka. Fundi anayekitumia kila siku hatambui mabadiliko hayo, kama vile mzazi asivyotambua urefu wa mtoto anayelala naye nyumba moja.

JICHO HUZOEA

Hapana shaka msomaji atauliza: je, jicho la fundi mzoefu halitoshi? Jibu ni kwamba jicho ni shahidi mwenye huruma mno. Tazama pamba, ile dhahabu nyeupe ya Shinyanga. Mkulima huiona nyeupe saa sita mchana, huiona nyeupe jua linapozama, na usiku akiwasha taa huiona nyeupe vilevile. Lakini nuru hizo tatu hazifanani hata kidogo. Wataalamu hupima rangi ya nuru kwa kipimo kiitwacho kelvini. Balbu ya kizamani yenye waya huwa karibu kelvini 2,700, nayo ina umanjano mwingi. Nuru ya mchana hukaribia 5,500 hadi 6,500, nayo ina ubuluu zaidi. Pamba hubadilika rangi pamoja na nuru hiyo, ila ubongo hurekebisha kimya kimya bila kumwarifu mwenye macho.

Huruma hiyo hutusaidia maishani, lakini studioni hutuponza. Fundi akikaa dakika chache mbele ya kioo chenye uwaridi, ubongo wake hukubali kwamba huo ndio weupe. Baadaye kila anachokirekebisha hukirekebisha kwa kipimo kilichopinda. Sisi tuliosimama nyuma ya kiti tulikwisha kuzoea kioo kile kama yeye. Ndiyo maana tulikubaliana wote, na tukakosea wote.

SOMO LA MWADUI

Jambo hili lisitushangaze sisi wa mikoa hii, kwa sababu mali ya ardhi yetu imekuwa ikipimwa kwa rangi kwa muda mrefu. Mwaka 1940, John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua mgodi wa almasi pale Mwadui. Mwaka 1947 likapatikana humo jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54.5. Williamson alimzawadia Elizabeth wa Uingereza katika mwaka huo wa arusi yake, kabla hajawa malkia. Lilipokatwa na kung'arishwa lilibaki karati 23.6, na mwaka 1953 likawekwa katikati ya bizimu yenye umbo la ua.

Lakini kwa makala haya, lililo muhimu zaidi ni namna almasi za kawaida zinavyopangwa kwa rangi. Taasisi ya Marekani iitwayo GIA ilianzisha ngazi za herufi tangu D, ambayo ni almasi isiyo na rangi kabisa, mpaka Z yenye umanjano au ukahawia unaoonekana. Tofauti ya herufi moja na inayofuata ni ndogo hata mtu asiyezoea haoni kitu. Bei, hata hivyo, hubadilika. Na mpimaji mwenye uzoefu wa miaka mingi haruhusiwi kutegemea kumbukumbu yake. Hulilaza jiwe juu ya kitu cheupe, chini ya nuru maalumu isiyobadilika, kisha huliweka kando ya mawe ya mfano ambayo rangi zake zinajulikana, akalinganisha.

Tazama pia upande wa dhahabu. Sonara anajua kwamba dhahabu ya karati 18 ni sehemu 18 za dhahabu katika sehemu 24. Zile sita zilizobaki akizijaza shaba nyingi, pete huelekea wekundu, na akizijaza fedha, hupauka. Kwa hiyo hakuna mnunuzi makini wa Geita, Kahama au kwingineko anayekubali dhahabu kwa kuitazama tu. Hutaka ipimwe, na hutaka mizani iwe imehakikiwa. Mizani ya kununulia pamba nayo hukaguliwa na Wakala wa Vipimo ili mkulima asipunjwe. Studio ya picha ina mizani yake pia, na mizani hiyo ni kioo cha kompyuta. Lakini ni studio ngapi ambazo mizani hiyo imewahi kukaguliwa na mtu yeyote tangu siku ya kununuliwa?

USO WA NANI UWE KIPIMO?

Tukisema "kipimo", yatupasa tuulize kilichaguliwa na nani. Historia ya picha za rangi ina somo chungu. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ya Marekani ilianza kuwapelekea mafundi wa kusafisha picha kadi za mfano zilizojulikana kwa jina la Shirley, kutokana na mfanyakazi wa kampuni hiyo aliyepigwa picha ya mwanzo. Kadi ilionyesha mwanamke wa Kizungu, mwenye ngozi nyeupe. Fundi alirekebisha mashine yake mpaka ngozi ya Shirley ipendeze, na baada ya hapo picha za watu wote duniani zilipitia kipimo hicho hicho. Watu weusi walitoka bila sura, macho na meno tu yakionekana, hasa walipopigwa picha pamoja na weupe.

Mtafiti Lorna Roth wa Kanada, aliyeandika juu ya habari hiyo mwaka 2009, aeleza kwamba miongoni mwa malalamiko yaliyoisukuma kampuni hiyo kuboresha filamu zake yalikuwa ya watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao, ambao hawakuridhika na jinsi rangi za kahawia za bidhaa zao zilivyotoka. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilienea baadaye, katika miaka ya 1990. Msomaji na apime mwenyewe: chokoleti ilisikilizwa mapema kuliko uso wa binadamu.

Siku hizi filamu imepisha kompyuta, lakini hatari haijakwisha. Ngozi ya maji ya kunde, na zaidi ile nyeusi tii, hukaa katika ngazi za chini za mwanga. Kosa dogo la kioo katika sehemu zenye giza halidhuru sana uso mweupe. Uso wetu hulibeba lote. Kwa sababu hiyo fundi wa Afrika Mashariki ana haja kubwa zaidi, wala si ndogo, ya kusawazisha kioo chake barabara.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Kazi hii si ngumu, na sehemu yake kubwa haina gharama. Hatua ya kwanza ni chumba. Kioo kisipigwe na jua wala taa moja kwa moja. Ukuta ulio mbele na nyuma ya fundi usiwe wa rangi kali. Studio nyingi hupaka kijani au waridi ili kupendeza wateja, na rangi hiyo hurudi machoni mwa fundi. Balbu za rangi zizimwe. Kadhalika izimwe ile programu inayokifanya kioo kuwa cha manjano nyakati za usiku. Kioo kiwashwe kwa muda wa nusu saa kabla ya kuguswa, kwa kuwa rangi zake hutulia kikisha kupata joto. Kisha kirudishwe katika hali yake ya kiwandani, ili tuanze na ukurasa mweupe.

Hatua ya pili ni mwangaza. Funguliwe picha ya mfano yenye vipande vinavyopanda ngazi kwa ngazi tangu nyeusi hadi nyeupe. Vipande viwili vya mwisho upande wa giza vitofautiane, ingawa kwa shida. Vile vya upande wa nuru vivyo hivyo. Vikimezana, mwangaza umezidi au umepungua. Asiyetengeneza hapa asiendelee, kwa maana marekebisho ya rangi juu ya mwangaza mbovu ni kama kupaka chokaa ukuta unaobomoka.

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha kazi: rangi moja moja. Katika orodha ya marekebisho ya kioo chenyewe, chagua weupe wa kelvini 6,500, ambao ndio uliokubaliwa kwa matumizi ya kawaida ya kompyuta. Kisha ingia katika sehemu ya mtumiaji, ambamo nyekundu, kijani na buluu zina vipimo vyao mbali mbali. Tazama kijivu cha mwanga. Kikielekea wekundu, punguza nyekundu. Kikielekea ukijani, punguza kijani. Kikielekea ubuluu, punguza buluu. Kikielekea umanjano, punguza nyekundu na kijani kwa pamoja, kwa sababu nuru hizo mbili ndizo zinazozaa manjano. Kikielekea waridi iliyokolea, punguza nyekundu na buluu. Kikielekea samawati yenye ukijani, punguza kijani na buluu.

Msomaji ataona kwamba kila mara nimesema "punguza". Rangi ikipandishwa hadi kikomo cha kioo, ngazi zake za juu humezana, na paji la uso lenye kung'aa hugeuka doa tupu. Ni salama kuirudisha nyuma iliyotangulia kuliko kuikimbiza iliyobaki. Tena iwe hatua moja au mbili tu kila safari. Kisha fundi atazame pembeni, dirishani au mlangoni, macho yapumzike, ndipo arudi kuhukumu.

Hatua ya nne ni upande wa giza. Vioo vya hali ya juu vina vishikizo viwili kwa kila rangi: kimoja hutawala sehemu zenye nuru, cha pili hutawala sehemu zenye giza. Kijivu cha mwanga chaweza kuwa safi kabisa ilhali kijivu cha giza kina ukijani, na kivuli chini ya kidevu cha bibi arusi kikaonekana kama ukungu wa mkate. Kirekebishe kwa kishikizo cha giza, kisha rudi ukague kile cha nuru, maana viwili hivi huvutana. Baada ya kwenda na kurudi mara tatu au nne vitatulia. Kama kioo hakina vishikizo hivyo, programu ya Windows ina sehemu yake ya kusawazisha rangi, ambayo humwongoza mtumiaji hatua kwa hatua.

Kwa wenye uwezo, kipo kifaa kidogo kinachowekwa juu ya kioo, kikasoma rangi zenyewe badala ya jicho, kisha programu yake ikaandika masahihisho. Kifaa hicho hakichoki wala hakizoei. Hakimlazimu kila mwenye studio anunue cha kwake. Studio nne au tano za mji mmoja zaweza kuchanga na kukitumia kwa zamu, kwa kuwa kazi yake ni ya muda mfupi mara moja kwa mwezi. Na ikumbukwe kwamba wapo wanaume waliozaliwa bila kutofautisha vyema nyekundu na kijani, na wengine hawajijui. Si aibu, ila kazi hii wamwachie mwenzao.

KARATASI NAYO INA NENO LAKE

Kioo kikisha kunyooka, imebaki karatasi. Kioo huumba rangi kwa nuru. Mashine ya kuchapia huziumba kwa wino, na wino wake ni samawati, waridi iliyokolea, manjano na nyeusi. Hivi ni viumbe viwili tofauti, wala havitafanana kwa asilimia mia. Lakini kioo cha kweli humwezesha fundi kujua kosa li wapi. Picha ikiwa njema kiooni na mbaya karatasini, atatafuta wino au karatasi, hatapapasa gizani kama tulivyopapasa sisi.

Kwa hiyo ninawashauri mafundi wa Shinyanga, Kahama, Geita na kwingineko waweke studioni mawe yao ya mfano, kama wapimaji wa almasi. Iwepo kadi ya kijivu. Iwepo picha moja iliyochapwa vizuri, yenye nyuso za watu wetu waliokubali kwa hiari yao: mweusi tii, maji ya kunde, na mweupe. Ihifadhiwe mbali na jua, na kila asubuhi ya kazi ilinganishwe na kioo katika nuru ya mchana. Nasi wateja tuna wajibu. Tusimkalishe fundi kitako kwa haraka zetu, na picha iliyochapwa tuitazame nje, kivulini, kabla ya kuilipia.

Miezi kadhaa baada ya mazishi niliipeleka picha ya mama kwa fundi mwingine. Huyu hakugusa kitu kwanza. Aliniuliza, "Ile khanga aliyojifunga bado mnayo?" Nilirudi nayo kesho yake. Ilikuwa nyeupe katika mji wake, yenye pindo jekundu na maua meusi. Alikwisha kukisawazisha kioo chake kwa kijivu; sasa akaitandika khanga kando yake, karibu na dirisha, akairekebisha picha, rangi moja moja, akiondoa umanjano wa taa za ukumbi wa arusi hata khanga ya kiooni ikalingana na khanga ya mezani. Uso hakuugusa kabisa. Ulijirudia wenyewe, hatua kwa hatua, pamoja na khanga.

Picha ilipotoka niliipeleka Shinyanga. Mama mkubwa aliishika kwa mikono miwili, akakaa kimya. Kisha akamwita mjukuu wake, akamwagiza alete nyundo na msumari.